Mbavu za Bepari

Asubuhi ile mkanda wa tumboni mwa farasi ulifika tundu la mwisho na bado ukawa unacheza. Dereva aliuvuta tena, kana kwamba ngozi ndiyo iliyokosea, kisha akaufungua, akaulaza juu ya jiwe na kuutoboa tundu jipya kwa msumari. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa ameketi dirishani kwenye cherehani yake. Alisikia nyundo, akajua, akaendelea kushona. Farasi alisimama katikati ya uwanja akiwa ameinamisha kichwa, na jua la asubuhi lilimpiga ubavuni hadi kila mfupa ukatupa kivuli chake.

Watu walimwita Dereva kwa utani, maana hakuwahi kuendesha chochote chenye injini. Alikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili na farasi mmoja wa kahawia, na kwa hao alihamisha vitanda, makabati na mifuko ya saruji ya mtaa mzima. Farasi aliitwa Bepari. Jina hilo alilipata akiwa mdogo, kwa tabia yake ya kumaliza chakula chake na kuhamia cha mwenzake. Sasa jina lilikuwa limegeuka kejeli. Kila alipopita mbele ya kinyozi, mtu mmoja lazima aulize kama ni kweli Bepari amefilisika, na waliokuwa wakisubiri kunyolewa wacheke mpaka mkokoteni ukate kona.

Utani aliuzoea. Kilichomwingia ni maneno ya mwalimu mmoja aliyekuwa anahama nyumba. Walikuwa wameshapatana, na Dereva alifika mapema na kamba zake. Yule mwalimu alimzunguka farasi polepole, akarudi, akasema kwa sauti ya chini kwamba atatafuta gari.

"Sikudharau, baba," alisema. "Lakini nikipakia kabati langu juu ya mnyama huyu, nitakuwa nimeshirikiana nawe."

Dereva alirudi nyumbani na mkokoteni mtupu, akitembea kando ya farasi badala ya kupanda, ili watu wamwone anatembea.

Jambo moja lilikuwa linamla. Chakula kilinunuliwa kama kawaida. Nyasi kavu ziliingia, pumba ziliingia, mahindi ya kuparazwa yaliingia, na kila asubuhi hori lilikutwa tupu. Sasa kama chakula kinaisha na mnyama anakonda, basi kuna anayekila ambaye si mnyama. Dereva aliligeuza hilo kichwani mchana kutwa, na kila alipoligeuza alikuta mikono ya watu. Kulikuwa na mikono ya muuza pumba, aliyepima. Kulikuwa na mikono yake mwenyewe, iliyobeba. Na kulikuwa na mikono ya dada yake mkubwa, aliyekaa na ufunguo wa stoo na kumlisha farasi asubuhi na jioni.

Dada yake alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, akapewa chumba kidogo cha uani. Watoto pacha walimwita Shangazi, na mtaa nao ukamwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alifagia banda, alilisha, alichota maji, na mchana, kazi za nyumbani zikiisha, alichukua kikapu chake akatoka. Alirudi jioni bila kusema alikokuwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa mdomo.

Mama Pacha hakuuliza, lakini alitazama. Kazi yake ilikuwa ya macho, na macho yake hayakujua kupumzika. Usiku ule wakiwa wanakula alianza kwa mbali, kwamba yeye hasemi kitu, kwamba mambo ya ndugu na ndugu hayaingilii, ila tu ameona vumbi jeupe kwenye mkono wa gauni la wifi yake, na jingine kwenye kikapu. Jeupe kama la mahindi yaliyoparazwa. Dereva aliacha kutafuna. Mkewe akaongeza kwamba inawezekana si kitu, na akamsogezea mchuzi.

*

Dereva aliona ni heri mwizi awe muuza pumba. Kesho yake alikwenda dukani akiwa amejiandaa kugombana na mtu baki. Duka lilikuwa na watu: fundi baiskeli, mama mmoja mwenye kuku, vijana wawili waliokuwa wanashusha mifuko. Alianza kwa kuzungukazunguka, akauliza bei, akauliza kama mizani ilikaguliwa karibuni.

Muuza pumba aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mnene, mpole, na aliyependa sana kuonekana mpole. Alimwambia apande yeye mwenyewe kwenye mizani akitaka, halafu akampimia gunia mbele ya wote, akalitoa, akalirudisha, akampimia tena.

"Kwangu mfuko unatoka umejaa," alisema. "Ukipungua ukifika kwako, waulize walio kwako."

Watu waligeuka kumtazama. Dereva alihisi masikio yamepata moto. Angeweza kuondoka. Badala yake, ili isionekane kwamba mjinga ni yeye, alisema kwamba ufunguo anakaa nao dada yake, na kwamba yeye mwenyewe ameanza kuona mambo. Alisema na habari ya vumbi jeupe, na ya kikapu. Fundi baiskeli alitingisha kichwa kwa huzuni. Mama mwenye kuku akasema ndugu ndio hao. Muuza pumba akampunguzia bei kidogo, kama mtu anayetoa pole msibani, na Dereva akaipokea.

Kabla hajafika nyumbani maneno yalikuwa yameshafika. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, ufunguo wa stoo mkononi. Hakuuliza kama ni kweli. Alimwambia aingie atafute.

Dereva angesema hapana, lakini mkewe alikuwa nyuma yake, na majirani wawili walikuwa wamesimama ukutani. Aliingia. Alifunua godoro, akafungua sanduku, akatoa nguo za dada yake moja moja, zikiwemo zile ambazo ndugu wa kiume hapaswi kuzishika. Hakukuwa na pumba. Chini kabisa ya sanduku alikuta noti zimefungwa kwenye kitambaa. Alizishika akamtazama dada yake, na Shangazi akamtazama yeye.

"Za kwangu," alisema.

"Za nini?"

"Za chumba. Nilikuwa natafuta chumba nihame, nisiwabane."

Mama Pacha alisema, bila kumlenga mtu, kwamba ni ajabu mtu asiye na kazi kuwa na pesa ya chumba. Shangazi aliweka ufunguo juu ya godoro lililopinduliwa, akakusanya nguo zake ndani ya shuka, na kabla jua halijazama alikuwa amekwenda. Pacha walimfuata mpaka barabarani, mama yao akawaita warudi.

*

Sasa ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Dereva, na alikuwa na hamu ya kuhakikisha. Alimjazia Bepari hori kwa mahindi, asubuhi debe na mchana debe, akasimama akimwangalia anavyochovya mdomo. Tutaona sasa, alimwambia mkewe, tutaona kama hanenepi. Mama Pacha alikubali kwamba wataona.

Kesho yake, jua likiwa bado halijapanda sana, Bepari alianza kugeuka kutazama ubavu wake. Alikwangua ardhi kwa kwato. Alilala, akainuka, akalala tena, akajaribu kubingirika, na jasho likamlowesha shingo mpaka singa zikagandamana. Majirani walijaa uani. Mmoja alisema huo ni msokoto wa tumbo. Mwingine alisema huo si msokoto, ni mkono wa mtu, na kwamba mwanamke aliyefukuzwa haondoki hivi hivi. Mama Pacha alisikia, na neno lilimkaa vizuri. Alimwambia mumewe kwamba lazima wifi alimwachia farasi kitu. Dereva alitafuta fimbo yake. Wakati mtu ameshatumwa kwa daktari wa mifugo, yeye alikuwa anauliza watu kama kuna anayejua dada yake amepanga wapi.

Daktari alifika kwa pikipiki, mwanamke wa makamo, buti zimeshika tope. Aliwaondoa watu wote uani. Aliweka sikio tumboni mwa farasi, akampiga sindano ya maumivu, kisha akapitisha mpira mrefu puani na kumimina mafuta taratibu. Akiwa bado ameshika mpira aliuliza amekula nini. Dereva alijibu kwamba amekula kama kawaida.

"Sijauliza anakula nini kwa kawaida. Nauliza tangu jana amekula nini."

Alipoambiwa, alifumba macho kidogo. Alieleza, bila kupaza sauti, kwamba tumbo la mnyama aliyekonda halijazwi kama gunia. Anarudishwa kidogo kidogo, na kwa nyasi kwanza, nafaka baadaye sana. Madebe mawili ya mahindi kwa siku yalitosha kumuua, na huenda bado yakamlemaza kwato.

Farasi alipotulia, daktari alimtia chuma cha kutanua kinywa, akawasha tochi na kuingiza mkono mpaka kiwiko. Alikaa humo muda mrefu. Alimwita Dereva ashike tochi aone mwenyewe. Magego yalikuwa yameota makali pembeni kama visu, yamechana shavu kwa ndani, na moja lilikuwa na ufa. Mnyama huyu, alisema, ana njaa na anataka kula. Anatia mdomoni, anatafuna kidogo, anaumia, anatema. Akauliza kama wamewahi kuona matonge ya nyasi zilizotafunwa nusu chini ya hori.

Dereva hakujua. Mama Pacha hakujua.

"Nani anafagia humu ndani?"

Dereva alitazama mlango wa chumba cha uani. Kisha Mama Pacha alisema, kwa sauti ambayo daktari ilibidi ainame kuisikia, kwamba alikuwa akimwona wifi yake anatupa vitu kwa koleo nyuma ya banda, akadhani ni mavi.

Dereva alizunguka nyuma ya banda. Lundo lilikuwa pale, limefikia magoti. Alilifumua kwa mkono. Matonge ya nyasi yaliyokauka, mengine bado mabichi, na ndani yake chenga za mahindi zisizotafunwa, pumba zilizoshikamana na mate. Chakula alichokuwa akikitafuta kwenye mizani ya watu na kwenye sanduku la dada yake chote kilikuwa hapo. Akakumbuka kwamba dada yake aliwahi kumwambia, siku nyingi, kwamba Bepari siku hizi anachafua sana chini, na kwamba yeye alimjibu, basi fagia.

*

Daktari aliyasugua makali ya magego kwa tupa, siku iliyofuata akaling'oa lile lenye ufa, akampa farasi dawa ya minyoo. Aliacha maagizo. Mkokoteni usimguse mpaka yeye aseme. Nyasi zikatwekatwe, zilowekwe, zitolewe kidogo kidogo mchana kutwa. Pumba laini baadaye, mahindi yasahauliwe kwa sasa. Na awepo mtu wa kumtazama akila, mtu anayemjua.

Mtu hakuwepo. Dereva alikuwa amekwenda kubeba saruji begani ili nyumba ipate kula, naye Mama Pacha alikuwa na nguo za watu zinazosubiri. Alijaribu. Aliloweka nyasi akasahau, jua likazichachusha. Alizikata ndefu. Siku moja Bepari aligeuzia ndoo mgongo, akasimama akitazama mlango wa uani, na Mama Pacha aliona kama anatazama kitu mahususi, akakasirika, akamwambia kwamba hata yeye amechoka.

Mchana ule aliuliza wifi yake anapatikana wapi. Alielekezwa kwa dobi, mtaa wa tatu, nyuma ya duka la pumba. Alisimama dirishani kabla ya kuonekana. Ndani kulikuwa na mvuke na meza ndefu, na Shangazi alikuwa anapiga pasi shati la mtu. Alichota unga mweupe kwenye bakuli, akaukoroga na maji, akaunyunyizia kola, akashusha pasi. Unga mwingine ulikuwa umemrukia kwenye mkono wa gauni.

Wanga. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Wanga aliujua kwa vidole, kwa harufu, kwa jinsi unavyokaza kitambaa. Na gauni lile alilishika mwenyewe siku akilianua kambani, akahisi mkono wake umekakamaa, na akaipita ile hisia, kwa sababu alikuwa anatafuta mahindi.

Aliingia. Shangazi hakuacha kupiga pasi. Mama Pacha alieleza yote, meno, matonge, lundo la nyuma ya banda. Aliuliza kwa nini hakusema kwamba anafanya kazi.

"Mdogo wangu alishasema hataki nifue nguo za watu. Anaona aibu," Shangazi alisema. Akageuza shati. "Bepari anakula?"

"Kwangu hali."

Shangazi alilikunja lile shati, akaliweka juu ya mengine, akanyoosha kola kwa kidole. Kisha akasema atakuja. Atakuja kwa ajili ya mnyama. Ndani mwao haingii.

*

Alikuja asubuhi na jioni, na zamu ya mchana akamwachia Mama Pacha. Alipita mlango wa uani, hakupita sebuleni. Chai hakuigusa. Akishikwa na kiu alifungua bomba akanywa kwa kiganja. Alikata nyasi fupi kama za kuchezea watoto, akaziloweka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimwangalia farasi anavyotafuna.

Sasa aliyekuwa akichunguzwa alikuwa mwingine. Kila jioni Shangazi alichovya kidole kwenye ndoo ya mchana, akanusa. Aliinama chini ya hori. Alihesabu kwa macho nyasi zilizobaki stoo, halafu akamtazama wifi yake, na Mama Pacha akajikuta anajieleza bila kuulizwa: alimpa saa saba, alimpa tena pacha walipotoka shule, zile pale zimemwagika kwa bahati mbaya. Usiku alimlalamikia mumewe kwamba anafanywa kama mwizi nyumbani kwake. Dereva alimtazama mpaka akanyamaza.

Kwa muda mrefu hakukuwa na mabadiliko, na Dereva alianza kumshuku daktari. Halafu matonge yalikwisha chini ya hori. Mavi yakawa laini, bila nafaka ndani. Shimo lililokuwa juu ya macho likaanza kujaa. Manyoya makavu yalipukutika kwenye brashi, na yaliyoota chini yake yalikuwa na mng'ao wa chungu kilichopakwa mafuta. Pumba ziliongezwa, kidogo, halafu kidogo tena. Asubuhi moja Dereva alipita karibu na hori akiwa na mkate mkononi, Bepari akaunyofoa mkate wote na kipande cha mkono wa shati, na Dereva akacheka peke yake uani, mara ya kwanza tangu mvua ziishe.

Daktari alirudi. Alimpapasa farasi ubavuni kwa kiganja, kutoka begani mpaka nyongani.

"Nazihisi, lakini sizioni," alisema. "Ndivyo mbavu zinavyotakiwa." Aliruhusu mizigo myepesi, nusu siku.

Jioni ile Dereva alimsubiri dada yake mlangoni pa uani. Alikuwa amepanga maneno. Alimwambia chumba chake kimepakwa rangi, kwamba watoto wanamuuliza, kwamba yaliyopita ni ya shetani. Shangazi alifunga stoo, akamwekea ufunguo mkononi.

"Shetani hakwenda dukani," alisema. "Wewe ulikwenda. Rudi pale pale, useme mbele ya watu wale wale."

Dereva alisema watu wameshasahau. Dada yake alisema kwamba yeye hupita mbele ya duka lile kila siku akienda kazini, na kwamba muuza pumba huvuta mifuko yake ndani anapomwona.

*

Aliahirisha. Siku moja aliumwa kichwa, siku nyingine kulikuwa na mzigo. Hatimaye alikwenda, na Mama Pacha akasema atamfuata kwa kuwa anataka vifungo. Shangazi alikuwepo, amesimama nje kidogo ya mlango, kikapu mkononi, akielekea kwa dobi.

Dukani walikuwepo fundi baiskeli, mzee mmoja asiyehusika, na muuza pumba. Dereva alivua kofia. Alisema kwamba kuna maneno aliyoyasema hapa kuhusu dada yake, na hayakuwa kweli. Farasi alikuwa na ubovu wa meno. Dada hakuchukua kitu. Alisema kwa haraka, kama anayetema, na alipomaliza hakujua aivae kofia au aendelee kuishika.

Muuza pumba alitabasamu kwa upole wake. Alisema wao walishasahau zamani, na kwamba katika familia mambo hutokea. Akamtazama Shangazi pale mlangoni, halafu macho yake yakashuka, kwa mazoea tu, mpaka kwenye kikapu.

Mama Pacha aliyaona yale macho. Aliyatambua, kwa sababu yalikuwa yake.

"Aliyeanza kusema ni mimi," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na vijana waliokuwa wakishusha mifuko nje wakasimama. "Huyu mume wangu aliyaleta tu. Mimi ndiye niliyeona wanga nikasema ni mahindi. Na wanga naujua."

Dereva alimtazama mkewe kama mtu aliyeguswa begani na mgeni. Muuza pumba alichukua kalamu, akaiweka. Fundi baiskeli alikumbuka ana gurudumu la mteja.

Shangazi aliingia dukani. Aliagiza mfuko wa pumba wa farasi, akasimama kando ya mizani mpaka ulipopimwa, akasema upimwe tena, ukapimwa. Mfuko ulikuwa mzito, na Dereva alijitokeza kuubeba, lakini dada yake alimpita akamwonyesha wifi yake pembe ya pili.

"Shika huko."

Mama Pacha alishika. Walitoka nao, mfuko ukiwa katikati yao, wakavuka barabara wakielekea nyumbani, Dereva akifuata kwa mbali na kofia yake mkononi. Njia ilipokuwa nyembamba, pale penye mtaro, ilibidi mmoja atangulie. Mama Pacha alisimama, akarudi nyuma kumpisha.

"Tangulia wewe," Shangazi alisema. "Nikikuacha nyuma sijui unanitazamaje."

Mama Pacha alitangulia. Alitembea taratibu, akihisi macho ya wifi yake mgongoni mpaka uani, na hakugeuka.